Mnada, Ahadi na Kimya: Istilahi za Mchezo wa Briji

Mfasiri apewapo sheria za mchezo, aghalabu hudhani kuwa kazi yake ni nyepesi kuliko ya mwenzake aliyepewa sheria za ardhi au za kodi. Dhana hiyo hudumu mpaka afungue sheria za briji. Hapo atakuta vifungu vinavyotenganisha lililo wajibu na lililo utaratibu tu, lililokatazwa na lisilopendeza. Atakuta pia mchezo ambao nusu yake ni maneno. Wachezaji wa briji hawaruhusiwi kusemezana kuhusu karata zao ila kwa msamiati mdogo uliowekwa na sheria, na mtu aweza kuadhibiwa kwa kufuata kidokezo kilichotokana na kusita kwa mwenzi wake. Kwa sababu hiyo twaona kuwa istilahi za briji ni kipimo kizuri cha kazi yetu sote, hata kwa msomaji asiyepata kushika karata maishani mwake.

Makala haya yanakusudia kueleza mchezo huo kwa ufupi, kupendekeza maneno ya kuutajia, na kutoa sababu za kuchagua neno moja na kuacha jingine.

Jina la mchezo

Kwanza tuondoe kosa lililo karibu. Jina la mchezo huu katika Kiingereza lafanana na neno lenye maana ya daraja, na mfasiri mwenye haraka angeweza kuandika “mchezo wa daraja”. Hilo si sahihi. Kijitabu kilichochapwa London mwaka 1886 kiliuita mchezo huo “biritch”, na kikauhusisha na Urusi; habari ya daraja la kuvukia mto haimo. Jina la pekee halitafsiriwi kwa sauti yake. Twapendekeza basi “briji”, kwa matamshi na tahajia yetu. Tena neno “daraja” tayari lina kazi nyingi: daraja la mto, daraja la mtumishi wa serikali, daraja la ufaulu. Tusilitwike mzigo mwingine.

Mchezo wenyewe

Wachezaji ni wanne, nao huitwa kwa pande za dunia: Kaskazini, Mashariki, Kusini na Magharibi. Wanaokabiliana ni wenzi. Karata 52 hugawanywa sawasawa, kila mmoja akapata 13, na hizo 13 ndizo tunazoziita “mkono”. Mchezo una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, pande mbili hushindana kutaja ni mizunguko mingapi kila upande utaweza kula, na kwa turufu ipi. Katika sehemu ya pili karata hutupwa moja moja, kila mchezaji akitoa yake kwa zamu, na mwenye karata kubwa au turufu kubwa hula mzunguko. Mizunguko ni 13.

Majina ya jamii nne za karata hatuna haja ya kuyabuni. Pau, uru, kopa na shupaza yamo vinywani mwa watu wa pwani tangu zamani, nayo ni urithi wa Kireno. Neno “turufu” nalo limo katika kamusi zetu, na limekwisha kutoka kwenye meza ya karata likaingia hata katika habari za siasa. Yaliyopo na yatumike. Tunachoongeza ni neno “jamii” kwa kila kundi la karata 13 za alama moja. Hatukuchagua “rangi”, kwa kuwa kopa na uru zote ni nyekundu, na pau na shupaza zote ni nyeusi. Sheria inayomtaka mchezaji “kufuata rangi” ingemruhusu kutoa uru palipotupwa kopa.

Pasipotosheka urithi

Hata hivyo si kila neno la jadi laweza kuhamishwa kama lilivyo. Katika mchezo wa wahedi wa sitini, karata zina hesabu yake: ree 11, seti 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2. Jumla ya karata zote ni 120, na apataye 61 amepita nusu. Ndilo asili ya jina la mchezo. Mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni ghulamu, wa pili ni malkia. Maana yake ni kwamba katika mchezo huo ghulamu humshinda malkia, na seti, yaani saba, humshinda mfalme.

Katika briji mpangilio ni mwingine. Ree ni ya kwanza, kisha mfalme, malkia, ghulamu, kumi, na kuendelea chini hadi mbili. Zaidi ya hayo, wachezaji hupima mkono kwa hesabu iliyoenezwa na Mmarekani Milton Work: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Mfasiri akiandika “mzungu wa tatu” akiwa na nia ya kumtaja ghulamu, msomaji wa briji atamtafuta mwenye hesabu ya tatu, naye ni mfalme. Jina lililobeba tarakimu ndani yake limekuwa mtego mara tu mchezo ulipobadilika. Kwa briji, basi, twapendekeza ree, mfalme, malkia na ghulamu. Neno “basha” litumiwalo na baadhi ya watu kwa mfalme twaliacha, kwa kuwa lina maana nyingine ambayo ingemfanya mwalimu asite kulitamka darasani.

Hapa pia yafaa kutenganisha aina mbili za hesabu. Hesabu ya nguvu ya karata kabla ya kucheza tuiite “uzito” wa mkono. Jumla ya uzito wa karata zote ni 40, na wastani wa mkono mmoja ni 10. Hesabu anayoandikiwa mshindani baada ya kucheza tuiite “alama”. Mwandishi akitumia neno moja kwa zote mbili, hakuna atakayejua kama mchezaji mwenye 12 ni mwenye mkono mzuri au mwenye matokeo mabaya.

Mnada na zabuni

Sehemu ya kwanza ya mchezo twaiita “mnada”. Kila mtu alitamkalo kwa zamu yake ni “kauli”. Kauli ni za namna nne. Ya kwanza ni “zabuni”, yaani kutaja ngazi na jamii, mathalani kopa nne. Ya pili ni “kupisha”, yaani kumwachia zamu anayefuata. Ya tatu ni “maradufu”, inayoongeza faida na hasara ya zabuni ya mpinzani, na ya nne ni “maradufu ya pili”, jibu la upande uliotiliwa maradufu. Hatukutumia “rudufu”, kwa kuwa ofisini neno hilo lahusu kutoa nakala.

Wapo watakaouliza kwa nini si “dau”. Dau ni kitu kiwekwacho ili kipotee au kirudi na faida. Lina harufu ya kamari. Zabuni ni neno la mnadani na la ofisini: mtu hutaja kiwango, mwingine akataja kilicho juu zaidi, na wa mwisho kutaja hufungwa na alichokitaja. Ndivyo ilivyo katika briji. Kila zabuni haina budi kuipita iliyotangulia, ama kwa ngazi ama kwa cheo cha jamii. Vyeo vyapanda hivi: pau, uru, kopa, shupaza, na juu ya zote “bila turufu”.

Ngazi ni 7. Mfasiri aangalie hapa: tarakimu ya zabuni siyo idadi ya mizunguko. Mizunguko 6 ya mwanzo haihesabiwi, kwa hiyo zabuni ya ngazi ya 1 ni ahadi ya kula 7, na kopa nne ni ahadi ya kula 10. Ngazi 7 mara vyeo 5 huleta zabuni 35. Ukiongeza kupisha, maradufu na maradufu ya pili, kauli zote ni 38. Msamiati wenyewe ni maneno 15 tu: tarakimu saba, majina matano na kauli tatu nyingine. Kwa maneno 15 wenzi wawili hupaswa kuelezana mikono yenye karata 26.

Zabuni ya mwisho ikifuatwa na wote watatu kupisha, inakuwa “ahadi”. Tulifikiria “mkataba”, tukaliacha. Mkataba huhitaji pande mbili zilizokubaliana; hapa upande mmoja umejifunga, na wa pili unataka ushindwe. Tena Waswahili wamekwisha kusema kuwa ahadi ni deni, na hakuna maelezo mafupi zaidi ya sheria ya alama za briji. Upande usiotimiza ahadi hulipa kwa kila mzunguko uliopungua.

Mfumo huu wa alama tunaoujua uliundwa na Harold Vanderbilt wa Marekani, aliyeujaribu akiwa safarini kwa meli mwaka 1925. Alitaka upande ambao umekwisha kupata ushindi wa kwanza ukabiliwe na adhabu kubwa zaidi, lakini hakuwa na jina la hali hiyo. Abiria mmoja mwanamke akampa neno lenye maana ya kuwa katika hali ya kuweza kudhurika, nalo likakaa. Sisi twapendekeza “hatarini”, na kinyume chake “salama”. Upande ulio salama hulipa alama 50 kwa kila mzunguko uliopungua, na ulio hatarini hulipa 100, kama hakuna maradufu. Abiria yule hakuwa mjumbe wa kamati yoyote ya istilahi; alisikia haja, akatoa neno lililoitosha.

Hesabu na busara

Uzito hufunza anayeanza, lakini haumtoshi anayeshindana. Kwa kawaida wenzi wenye uzito wa 25 au 26 kwa pamoja hutarajia kutimiza kopa nne, na wenye 33 hutarajia ngazi ya 6. Sasa tuchukue mfano. Mwenzi wako ameonyesha kopa nyingi na anakuuliza kama mkono wako wafaa kuendelea hadi ngazi ya 4. Mkono wa kwanza ni huu: shupaza ghulamu, 4, 2, kopa malkia, 7, 5, uru malkia, ghulamu, 3, pau malkia, ghulamu, 6, 3. Uzito wake ni 9. Mkono wa pili ni huu: shupaza 6 peke yake, kopa mfalme, 9, 7, 5, uru ree, 8, 6, 4, 3, pau 7, 4, 2. Uzito wake ni 7.

Mchezaji mzoefu atapisha kwa mkono wa kwanza na kuendelea kwa wa pili. Malkia na maghulamu wa mkono wa kwanza wametawanyika, na kabla hawajala mzunguko wowote wapinzani wamekwisha kula ya kwao. Mkono wa pili una turufu nne badala ya tatu, una ree na mfalme wa kuaminika, na shupaza yake moja ikishaondoka, mizunguko ya shupaza itakayofuata yaweza kuliwa kwa turufu ndogo.

Uwezo huo wa kuona zaidi ya hesabu twauita “busara ya mnada”. Hatukutumia “hukumu”, ingawa lugha nyingine hutumia neno moja kwa uwezo wa kupima mambo na kwa tamko la hakimu. Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili, na katika briji yote mawili yanahitajika: busara ni ya mchezaji, hukumu ni ya mwamuzi wa mashindano.

Kutupa karata

Aliye wa kwanza kwa upande wake kutaja jamii ya ahadi ndiye “mtimizaji”. Wapinzani wake ni “wazuiaji”. Aliye kushotoni kwake hutoa “mtupo wa kwanza”, kisha mwenzi wa mtimizaji hulaza karata zake wazi mezani, wala hachezi kwa hiari yake tena. Mtu huyu Wafaransa humwita maiti, na kwingine jina lake latokana na ububu. Twaona majina hayo hayafai: la kwanza ni la nuksi, na la pili lamfanya mwenye ulemavu kuwa kitu cha mchezo. Twapendekeza “mlazaji”, na karata zake ziitwe “mkono wa mezani”. Maneno mawili yanahitajika, kwa sababu sheria hutenganisha mtu na karata zake: kuna vifungu vya haki za mlazaji, na vifungu vingine vya namna karata za mezani zinavyotajwa na kuchezwa.

Mbinu moja yatosha kuonyesha haja ya istilahi hapa. Mezani pana ree na malkia wa jamii moja, na mfalme yuko kwa mmoja wa wazuiaji. Mtimizaji hutupa karata ndogo kutoka mkononi mwake kuelekea mezani, na mzuiaji wa kushoto akitoa ndogo, humweka malkia. Kama mfalme yuko kushoto, malkia hula. Kama yuko kulia, malkia huliwa. Twaiita mbinu hii “mvizio”, kwa kuwa mtimizaji humngoja mfalme kama awindaye. Mvizio mmoja una nafasi 50 katika 100.

Upande wa mtimizaji ukiwa na karata 7 za jamii fulani, wazuiaji wana 6, na nafasi ya kugawanyika 3 kwa 3 ni takriban 36 katika 100. Anayelazimika kuchagua moja achague mvizio. Lakini aliye na subira hutazama kama aweza kujaribu mgawanyo kwanza bila kuwapa wazuiaji nafasi ya kumwangusha, kisha arudi kwenye mvizio. Hapo nafasi yake ni 36 pamoja na nusu ya 64 iliyobaki, yaani takriban 68. Utaratibu wa kutupa umezidisha nafasi, ingawa karata ni zilezile.

Asiyefuata jamii iliyotupwa, naye anayo, “amekana”. Neno hili twalipenda kwa sababu kukana ni kusema huna ulicho nacho. Kukana kukithibitika, upande uliokosa huhamishiwa kwa wapinzani mzunguko mmoja au miwili, kadiri ya yaliyotokea. Sheria haiulizi kama alikusudia, inarekebisha hasara.

Kimya chenye mshindo

Sasa twafikia lililo zito zaidi. Wenzi wana haki ya kupatana juu ya maana ya kauli zao, lakini hawana haki ya kuyaficha mapatano hayo. Mpinzani akiuliza maana ya zabuni, ni lazima aelezwe. Briji ni lugha ambayo kamusi yake huwekwa wazi mbele ya mshindani. Mapatano hayo tuyaite “maafikiano”.

Kila habari itokayo nje ya kauli na karata zilizotupwa ni “taarifa isiyo halali”: mkazo wa sauti, kutikisa kichwa, au kufikiri kwa muda mrefu kisha ukapisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nao mwamuzi wa briji hulijua jambo hilo. Kusita kwenyewe si kosa. Kosa ni la mwenzi, akiwa na njia mbili zenye maana mbele yake na akachagua ile iliyodokezwa na kusita huko. Mfasiri akiandika kwamba “kusita ni marufuku”, amemwadhibu mtu kwa kufikiri, na amemwachia aliyefaidika.

Ndiyo maana katika miaka ya 1960 vilianza kutumika Uswidi visanduku vyenye kadi za kauli, ili mchezaji aonyeshe kadi badala ya kutamka. Mwaka 1975, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bermuda, wenzi walitenganishwa kwa pazia la mbao juu ya meza. Hata hivyo kukatokea mashtaka ya kugusana miguu, ikabidi kizuizi kiwekwe na chini ya meza pia.

Ngazi za wajibu

Utangulizi wa sheria zilizotolewa na shirikisho la dunia la briji mwaka 2017 unapanga wajibu katika ngazi tano. Ya kwanza ni ruhusa: asiyetenda hakukosa. Ya pili ni utaratibu: ndivyo ifanywavyo, bila kudokeza adhabu. Ya tatu ni lifaalo: asiyelitenda amekosa na ahatarisha haki zake, lakini si mara nyingi ataadhibiwa. Ya nne ni wajibu ambao kuuvunja huleta adhabu mara nyingi kuliko kutoleta. Ya tano ni wajibu mzito kabisa.

Kiswahili kina njia ya kuzionyesha zote, mradi mfasiri asizichanganye. Twapendekeza “aweza” kwa ya kwanza. Kiambishi hu- kwa ya pili, kwa kuwa “mtimizaji huchukua karata zake” ni utaratibu usiotisha. “Yafaa” kwa ya tatu. “Anapaswa” kwa ya nne. Na “ni lazima” kwa ya tano.

Katika makatazo kuna mtego. Neno la ruhusa, ambalo ni dhaifu kuliko yote, likikanushwa katika sheria hizo huwa katazo la pili kwa ukali. Mfasiri afuataye umbo ataandika “hawezi”, kana kwamba mchezaji hana nguvu, au “aweza kutofanya”, kana kwamba ana hiari. Yote mawili yanapotosha. Twapendekeza “hapaswi” kwa katazo la kawaida, “haruhusiwi” kwa lililo zito zaidi, na “ni marufuku” kwa lililo kali kuliko yote.

Mtumishi wa serikali anayeandika kanuni za soko au za hospitali hukutana na ngazi hizihizi. Akiandika “yafaa” palipostahili “ni lazima”, mwananchi atakayedhurika hatakuwa na pa kushika. Akiandika “ni lazima” kila mahali, neno hilo litachakaa na hakuna atakayelijali. Mezani pa briji kosa hilo humgharimu mtu mizunguko miwili.

Istilahi tunazopendekeza kwa ufupi

Mkono: karata 13 za mchezaji mmoja. Jamii: karata za alama moja. Uzito: nguvu ya mkono kwa hesabu. Mnada: sehemu ya kwanza ya mchezo. Kauli: lolote litamkwalo mnadani kwa mujibu wa sheria. Zabuni: kauli yenye ngazi na jamii, au ngazi na bila turufu. Kupisha: kuacha zamu. Ahadi: zabuni iliyofunga mnada. Mtimizaji: mwenye kuicheza ahadi. Mlazaji: mwenzi wake. Wazuiaji: wapinzani wake. Mvizio: kumngojea mkubwa kwa karata iliyo chini yake. Kukana: kutofuata jamii uliyo nayo. Maafikiano: mapatano ya wenzi yaliyo wazi kwa wote. Hatarini: hali ya upande unaokabiliwa na adhabu kubwa zaidi.

Msomaji mwenye neno bora zaidi na alitoe, pamoja na sababu yake.